Ukienda Shambani kwa Msimu Mmoja, Omba Tuta Lako

Masika yanapokaribia kwisha hapa Morogoro, simu huanza kuingia. Anayepiga huwa ni kijana aliyemaliza shule au chuo na bado hajapata ajira, wakati mwingine mtu mzima aliyechoka na kazi za mjini, na swali lao ni moja: nataka kujifunza kilimo hai cha mboga, nianzie wapi? Wengi hutegemea niwatajie kozi. Kozi zipo na nitazitaja, lakini jibu langu la kwanza halibadiliki. Tafuta shamba dogo lenye watu wanaopenda kufundisha, kaa hapo msimu mzima, na mapema kabisa omba upewe tuta moja liwe lako, tangu kusia mbegu hadi kuuza.

Nasisitiza udogo wa shamba kwa sababu eka moja ya mboga mchanganyiko haimwachi mtu abaki na kazi ya aina moja. Alfajiri unachuma mchicha, jua likianza kupanda uko kitaluni, kabla ya chakula cha mchana umeshasukuma toroli kadhaa za samadi, na jioni unapandikiza. Kwenye shamba kubwa, kibarua wa kupalilia hupalilia mpaka msimu uishe. Anaondoka akiwa hodari wa jembe, lakini hajui ile miche ilitoka wapi wala mavuno yaliuzwa kwa nani. Sisemi mashamba makubwa ni mabaya. Mengi yanalipa kwa wakati kuliko haya yetu. Ila kama shida yako ni ujuzi, nenda kwenye udogo.

Na kuhusu tuta lako: upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 vinatosha. Katika matuta ya mwenye shamba, maamuzi yote ni yake, nawe unatekeleza. Matokeo yakija, mazuri au mabaya, huwezi kuyafuatilia hadi kwenye chanzo chake. Kwenye tuta lako, ukimwagilia juujuu Jumanne utaona Alhamisi majani yameinama, na utajua ni kwa nini. Mwenye shamba mwelewa atakubali ombi hili bila taabu, maana mavuno bado ni ya shamba. Mwombe pia jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kwake: asikimbilie kukuokoa. Akiona unakosea, akuulize umeona nini, halafu akuache uamue.

Wakati mzuri wa kwenda, kwa mikoa yenye mvua za misimu miwili kama Morogoro na Tanga, ni katikati ya Mei. Mvua za masika zinaelekea ukingoni, udongo bado una unyevu, na ndipo kitalu cha mazao ya kiangazi kinapoandaliwa. Juni unapandikiza, Julai unapalilia na kupambana na wadudu, Agosti na Septemba unavuna na kuuza, na Oktoba unafunga hesabu huku watu wakisubiri vuli. Ukifika Machi katikati ya mvua, utajifunza mengi kuhusu matope na magonjwa ya ukungu, lakini mgeni anakata tamaa upesi. Nyanya za masika ni za watu waliokwisha kukomaa katika kazi hii. Ndiyo maana bei yake hupanda.

Sasa, shamba lenyewe utalipataje? Kwenye miteremko ya Uluguru wapo wakulima wadogo wengi waliojiunga katika vikundi vya kilimo hai. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, maarufu kwa kifupi SAT, limekuwa likifanya kazi na wakulima wa Morogoro tangu 2011 na lina kituo cha mafunzo huko Vianzi. Kozi fupi ya pale ni matayarisho mazuri kabla ya msimu, na wakufunzi wake wanawajua wakulima. TOAM, ambao ndio mwavuli wa kilimo hai nchini tangu 2005, nao wanaweza kukuelekeza kwenye vikundi vya mikoa mingine. Ukiwa Arusha, kituo cha utafiti wa mboga pale Tengeru kimefanya kazi kubwa ya kukusanya na kuboresha mbegu za mboga zetu za asili, na mashamba ya jirani yamefaidika nayo.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkulima mdogo asiyeweza kulipia wakaguzi wa kampuni anaweza kuipata kupitia mfumo shirikishi, yaani wanakikundi wenyewe hukaguana mashamba kwa zamu, kwa fomu na kwa macho. Tafuta kikundi cha namna hii, omba kwa mwenyekiti uwasindikize siku moja ya ukaguzi. Utapita mashamba kadhaa kwa mguu, utasikia wakulima wakiulizana maswali ambayo mgeni hangethubutu kuuliza, na jioni utakuwa unajua ungependa kuishi kwa nani.

Usikubali kazi kwa simu tu. Nenda ukatembelee siku nzima, na ukifika usianze na mboga. Angalia wafanyakazi wanakula wapi na wanakula nini. Angalia kama mwenye shamba mwenyewe hushika jembe. Chungulia stoo: ukiona chupa ya sumu ya dukani nyuma ya mlango katika shamba linalojiita la kilimo hai, uliza ni ya nini, na sikiliza jibu kwa makini. Tazama mpakani pia. Jirani wa upande wa juu akipuliza dawa, maji ya mvua huziteremsha, hivyo shamba makini litakuwa limeacha ukanda wa matete au majani mengine ya kuzuia. Jambo hili kwetu ni zito, kwa kuwa maji yanayotoka Uluguru ndiyo yanayoingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonyweshea sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Kisha uliza swali moja la kwa nini. Kwa mfano: kwa nini mmepanda maharage palipokuwa na kabichi? Mkulima anayefaa kukulea ataweka jembe chini na kukueleza kwamba kabichi ni mlaji mkubwa wa rutuba, kwamba mizizi ya maharage hurudisha naitrojeni kwenye udongo, na kwamba wadudu wa kabichi wakiamka hapo hawatakuta chakula chao. Mwingine atakujibu kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote. Huyo huenda ni mkulima mzuri sana, lakini msimu wake utakuwa mrefu kwako.

Wazee wa Uluguru wanaijua vizuri kazi isiyo na maelezo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Mwaka 1955 watu wakagoma na kuandamana, vurugu zikazuka, na mpango ule ukaachwa. Leo ukipanda mlima utakuta wakulima wanaochimba ngazi na makingamaji kwa hiari yao, tena kwa jasho lilelile, kwa kuwa wameuona udongo wao ukibaki mahali pake mvua inaponyesha. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu anajua anachimba kwa faida gani.

Mkiridhiana, andikeni. Najua ugumu wa kumwomba mzee aliyekupokea kwa ukarimu atie sahihi karatasi, lakini karatasi hiyo inawalinda wote wawili na inazuia ugomvi wa Septemba pesa inapopatikana. Iseme ni kazi ya malipo au ni kujitolea kwa chakula na malazi. Kama ni malipo, ni kiasi gani, na ni kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Ukiugua, nani analipa zahanati? Siku ya mapumziko ni ipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki, na muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Mashamba madogo mengi hayahesabu saa. Wewe hesabu, kwa upole, daftarini mwako. Na kama makubaliano ni kujitolea, basi nusu siku ya kazi yatosha, na nusu nyingine iwe ya kujifunza. Kijana anayefanya kazi kutwa nzima kwa ugali na pa kulala ni kibarua asiyelipwa, hata kama anaitwa mwanafunzi.

Kwa dada zangu nina neno la ziada. Siku ya kutembelea, omba uonyeshwe chumba utakacholala. Mlango uwe na kitasa au komeo la ndani linalofanya kazi, choo kisiwe mbali gizani, na upate nafasi ya kuzungumza peke yako na mwanamke anayefanya kazi hapo au aliyewahi kufanya. Ukiona wanasita kukuachia nafasi hiyo, rudi nyumbani. Mashamba mazuri yapo mengine.

Vitu vya kubeba si vingi. Buti za mpira zinazokutosha sawasawa, kofia pana, nguo za mikono mirefu, tochi, chandarua, na chupa ya maji ya lita 1 na zaidi. Kama unakwenda Mgeta au Lushoto, beba sweta na blanketi zito, maana Juni na Julai kule baridi ni ya kweli. Nenda zahanati ukachome sindano ya pepopunda kabla ya kuondoka. Utafanya kazi na samadi, panga na misumari ya mbao kuukuu, na kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kukugharimu maisha. Chukua daftari gumu na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka daftari likilowa, na litalowa.

Wiki mbili za mwanzo ni za mwili. Kiuno kitauma, viganja vitatoka malengelenge, na usiku utalala kabla ya chakula kuiva. Usishindane na wenyeji. Mama wa miaka 50 anayelima kwa mwendo wa polepole bila kusimama atakuacha mbali ifikapo saa tano asubuhi, na ukimtazama vizuri utaona siri yake: hapindi mgongo, anapinda magoti, na jembe analiacha lianguke kwa uzito wake lenyewe. Kunywa maji kabla ya kiu. Badilisha kazi kila baada ya saa moja au mbili kama unaruhusiwa, kutoka ya kuinama kwenda ya kusimama.

Katika kipindi hicho, omba uwekwe kwenye mboji. Wageni huikwepa kwa sababu ya harufu na uzito, na kwa kuikwepa hukosa somo kubwa kuliko yote ya kilimo hai. Lundo hupangwa kwa tabaka. Chini kabisa huwekwa vijiti na mabua ya mahindi ili hewa ipite, kisha majani makavu, majani mabichi kama ya alizeti mwitu, samadi, majivu kidogo, na udongo wa juu kiganja kwa kiganja. Unanyunyiza maji kila tabaka, unarudia mpaka lundo lifike kifuani. Katikati unachomeka mti mrefu uliochongwa. Baada ya siku tatu au nne unauchomoa na kuushika. Ukiwa wa moto kiasi cha kukufanya uhamishe mkono, lundo linafanya kazi. Joto la ndani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Mti ukitoka baridi na mkavu, lundo linataka maji. Ukitoka umelowa na unanuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana, basi geuza lundo lote na uongeze mabua. Baada ya wiki mbili au tatu mnageuza, cha nje kiende ndani. Kwa muda wa miezi mitatu hivi unapata kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua, na hutaweza kutambua lipi lilikuwa bua na lipi lilikuwa kinyesi cha ng'ombe.

Mwanafunzi aliyejifunza kuusoma mti huo ameanza kuelewa shamba. Atajua kwa nini samadi mbichi haiwekwi kwenye tuta la mchicha, kwamba huunguza mizizi na hubeba vijidudu hadi kwenye majani ya kuliwa. Atajua kwa nini tuta la jirani linakunywa maji na la kwake linayakataa.

Maji nayo yanataka hesabu, tena ni hesabu nyepesi sana. Milimita 1 ya maji katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga zilizokwisha kukua wakati wa kiangazi hupoteza takriban milimita 5 kwa siku. Tuta lako la mita 10 za mraba linataka basi lita 50, yaani keni tano za lita 10. Ukiona mtu anapita na keni moja kwa tuta zima, ameosha vumbi tu: juu panang'aa, chini kidole kikizama kinakuta ukavu, na mizizi inapanda juu kuyafuata maji ambayo jua la saa sita litayamaliza. Afadhali kumwagilia kwa kina siku moja na kuruka siku inayofuata. Zidisha sasa hizo lita 50 kwa matuta 20, kumbuka lita 1 ni kilo 1, na utaelewa kwa nini mkulima wa kilimo hai anapenda matandazo. Nyasi kavu zilizotandazwa unene wa kiganja hupunguza safari za kwenda mtoni, huzuia magugu, na zikioza zinageuka chakula cha udongo. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja inayokupunguzia kazi za wiki nyingi.

Kitalu ni mahali pa macho. Miche ikiota, nyasi zilizofunika huondolewa jioni, si mchana. Ikiwa imebanana na kulowa muda wote, kinyausi huingia na shina hukatika usawa wa udongo kama limekatwa na wembe. Wiki moja kabla ya kupandikiza unapunguza maji na kivuli ili miche izoee shida. Kupandikiza ni jioni. Hayo utaelezwa na kila mtu; wewe hakikisha unafanya kwa mikono yako kwenye tuta lako.

Kuhusu palizi sina mengi ya kusema ila moja: palilia magugu yakiwa membamba kama uzi, asubuhi ya jua, na jembe lipite juujuu. Ukingoja yawe na maua, kazi ni mara kumi. Karoti ndizo zinazopima subira kuliko zote, kwa kuwa huota polepole na hupaliliwa kwa vidole. Ukipewa karoti, tafuta mwenza wa kuzungumza naye.

Wadudu watakuja, na hapo imani ya wengi hutikisika. Kwenye nyanya adui mkubwa ni kantangaze, ambaye asili yake ni Amerika Kusini na alionekana Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, hivyo hata sumu kali za dukani mara nyingi hazimfikii, na ameshazizoea nyingi. Shamba la kilimo hai humwekea mitego ya harufu ya jike inayovuta madume, hung'oa na kuzika majani yaliyotobolewa, na halipandi nyanya, viazi mviringo au biringanya kwa kufuatana mahali pamoja. Kazi yako itakuwa kupita kila asubuhi, jani kwa jani, upande wa chini. Kwa vidukari na viwavi wengine kuna mwarobaini: gramu 50 za viini vya mbegu vilivyotwangwa kwa kila lita ya maji, viloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa kuwa jua huivunja nguvu dawa hiyo. Usidanganyike kwamba cha asili hakidhuru. Utupa, ambao nao hutumika, unaua samaki, na haupaswi kusogezwa karibu na kijito. Vaa glavu, funika pua, nawa.

Kutakuwa na siku utapoteza tuta. Katika shamba la watu wema, siku hiyo hutasimangwa. Watakuja kusimama nawe, watachimbua mzizi, watakata shina kuangalia kama ndani pameoza, watabishana wao kwa wao, na mtaandika daftarini tarehe na kilichoonekana. Nathamini sana saa za namna hiyo, kuliko mafunzo mengi ya darasani, na nakuomba uzithamini.

Siku za soko usikubali kuachwa shambani. Panda gari pamoja na mzigo. Mchicha unaochumwa kabla jua halijachomoza na kufunikwa kwa gunia bichi utafika Soko Kuu la Chifu Kingalu ukiwa umesimama. Uliochumwa saa mbili utafika umelala, na mchuuzi atakutajia bei ya kuulaza kabisa. Utagundua pia kwamba mnunuzi wa sokoni hawezi kuona kwa macho kama mchicha ni wa kilimo hai, kwa hiyo bei ni ileile ya wengine. Bei nzuri hutoka kwa wateja wanaolijua shamba: familia zinazoagiza kwa kundi la WhatsApp kila Alhamisi, hoteli, shule, duka lenye alama. Kujenga wateja hao huchukua muda na uaminifu, na ni nusu ya kazi ya mkulima. Kaa karibu na anayepokea oda, jifunze anavyomwambia mteja kwamba wiki hii hakuna hoho. Utakutana na lumbesa vilevile, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa na kushonewa kilemba cha kamba, ambalo sheria ya vipimo inalikataza lakini madalali bado wanalidai. Angalia shamba lenu linafanya nini linapodaiwa lumbesa. Na andika bei za kila wiki. Nyanya za Agosti, wakati kila bonde linavuna, zitakufundisha kwa nini watu hupanda kwa kupishana, tuta moja kila baada ya wiki mbili.

Kuishi na watu ni sehemu ya msimu, tena kwa wengine ndiyo sehemu ngumu. Amkia wakubwa kabla ya kushika jembe. Msiba ukitokea kijijini kazi husimama, nawe nenda, kaa na wenzako, changia kidogo ulichonacho. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi nyingi ni ya ukoo wa upande wa kike, kwa hiyo usishangae kuona baba anayekuelekeza kazi anamwendea mkewe au mjomba kabla ya kukubali uchimbe mfereji mpya. Msaidie mama jikoni bila kungoja kuombwa, uwe mwanamume au mwanamke. Malalamiko yapeleke kwa mhusika mwenyewe baada ya chakula cha usiku, mkiwa mmekaa, kabla hujayapeleka kwa jirani.

Ikiwa ahadi hazitimizwi, mathalani malipo yamepita mwezi na unapewa maneno tu, zungumza mara moja na mwenye shamba ukiwa na daftari lako la saa, kisha nenda kwa mwenyekiti wa kikundi au wa kijiji. Kama bado, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hupokea madai ya kazi. Usichelewe: dai la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Na kama mtu amekunyanyasa au kukugusa usivyotaka, hatua hizo zote ziruke, ondoka siku hiyohiyo na utoe taarifa polisi. Msimu unaweza kurudiwa.

Kwa walio salama, ombi langu ni kwamba usiondoke mwezi wa Agosti. Wengi huondoka wakati huo, mavuno yakiwa yamechanganya, kwa kuwa wanaona wameshajua kila kitu. Ujuzi wa mwisho uko kwenye kufunga: kung'oa mabaki ya nyanya zenye ugonjwa na kuyatoa nje ya shamba, kupanda maharage au marejea ili udongo usilale uchi, kupiga hesabu ya kila tuta kwa pesa iliyoingia na saa zilizotumika. Kaa chini na mwenye shamba mfanye hesabu ya tuta lako. Mchicha mara nyingi utazishinda nyanya zenye sifa zote, kwa sababu uko tayari kwa wiki nne hivi na haudai miti ya kuegemea. Omba barua inayoeleza kazi ulizofanya, ikiwa na sahihi. Chukua namba za simu za wenzako wote.

Na omba mbegu. Mchicha, mnafu, bamia na nyanya za asili hutoa mbegu zinazorudia mama yake; za chotara hazirudii, usihangaike nazo. Nyanya huachwa iive mpaka ilainike juu ya mti, mbegu zake hukamuliwa ndani ya glasi pamoja na maji yake, hukaa siku mbili au tatu mpaka utando ujitenge, kisha huoshwa na kuanikwa kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi maana zitagandia. Zifunge kwenye bahasha, andika jina, mahali na mwezi, weka ndani ya chupa yenye mfuniko pamoja na majivu makavu chini yake. Kabla ya kuzisia kwako, chukua mbegu 10, zikunje ndani ya kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota 8 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili. Zikiota chini ya hapo, piga simu shambani uombe nyingine.